Saratani ya Tezi Iliyobaki kwenye Shina la Ulimi: Swali la Utambuzi katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Saratani inayoanzia katika tezi ya thairoidi iliyokosa mahali pake na kubaki kwenye shina la ulimi ni miongoni mwa saratani adimu mno za kichwa na shingo, na sehemu kubwa ya hatari yake hutokana na uadimu huohuo, kwa kuwa mgonjwa hupokewa kwanza na wahudumu ambao hawajapata kuiona, mahali ambapo maradhi mengine ya kawaida huleta dalili zilezile. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizoko magharibi mwa mkoa wa Kagera, zinalifanya swali hili kuwa zito zaidi: ni nyanda za juu zilizo mbali na bahari, zimo katika nchi iliyohangaika na goita kwa miongo mingi, na vipimo vinavyohitajika kumaliza shaka havipatikani vyote mahali pamoja. Uchambuzi huu unashikilia hoja moja, kwamba usalama wa mgonjwa wa namna hii hautegemei kwanza mashine ya mbali, bali hutegemea mpangilio wa hatua ambao hospitali ya wilaya inaweza kuufuata, na hatua ya kwanza ni kuitafuta tezi shingoni kabla ya kuukata uvimbe wowote ulio nyuma ya ulimi.

Tezi isiyoshuka

Tezi ya thairoidi, ambayo wengi huiita tezi ya shingo, hukaa mbele ya koromeo chini ya kongomeo na hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili kutumia nishati, ukuaji wa mtoto na ukomavu wa ubongo wake. Katika wiki ya tatu hadi ya nne ya mimba tezi hii huanza ikiwa kijivimbe kidogo kwenye sakafu ya koo, mahali ambapo kwa mtu mzima pamebaki kishimo nyuma ya ulimi, kisha hushuka polepole ikipita karibu na mfupa wa haioidi, ulio juu ya kongomeo, hadi ifikapo kituo chake mnamo wiki ya saba. Njia iliyopitia huwa mfereji mwembamba ambao kwa kawaida huziba na kutoweka. Usipoziba, huweza kuzaa uvimbe wa majimaji katikati ya shingo, na tezi yenyewe isiposhuka kabisa, hubaki kwenye shina la ulimi.

Takribani asilimia 90 ya tezi za thairoidi zilizokosa mahali pake huwa ulimini, na kati ya watu wenye tezi ya namna hiyo karibu 7 katika kila 10 hawana tezi nyingine yoyote shingoni. Takwimu hii ya pili ndiyo kiini cha suala zima, kwa sababu maana yake ni kwamba uvimbe unaoonekana kama kitu cha ziada unaweza kuwa ndio tezi pekee aliyozaliwa nayo mgonjwa. Vinasaba vinavyoongoza uundaji wa tezi, kama vile PAX8, FOXE1 na NKX2-1, vimechunguzwa sana, lakini kasoro zake hupatikana kwa wagonjwa wachache tu, na wengi huzaliwa hivyo bila sababu inayoweza kuonyeshwa. Taarifa ya kitabibu inayotajwa kuwa ya kwanza ilitolewa na Hickman nchini Uingereza mwaka 1869, ikimhusu mtoto mchanga aliyekufa kwa kuzibwa njia ya hewa, na tangu hapo imekuwa wazi kwamba hali hii huwapata wanawake mara kadhaa zaidi kuliko wanaume.

Uzito wa namba ndogo

Tezi ya ulimini inayoleta dalili hukadiriwa kumpata mtu 1 katika kila watu 100,000 hadi 300,000, ingawa uchunguzi wa maiti uliofanywa kwa hadubini umeonyesha chembe za tezi hiyo katika ndimi za hadi asilimia 10 ya watu ambao hawakuwa na malalamiko yoyote. Sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule ambao Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya, ilihesabu watu zaidi ya 650,000 katika wilaya hizo mbili kwa pamoja. Kiwango hicho kikitumika kwa idadi hiyo, wanaotarajiwa kuwa na tezi ya ulimini yenye dalili ni watu wawili hadi saba, na kwa kuwa saratani hutokea kwa chini ya asilimia 1 ya tezi hizo, daktari anaweza kutumikia Karagwe au Kyerwa maisha yake yote ya kazi asikutane na mgonjwa hata mmoja wa saratani hii.

Hesabu hiyo huweza kusomwa kwa njia mbili. Msomaji mmoja ataona kwamba ugonjwa adimu kiasi hicho haustahili nafasi katika mafunzo ya wahudumu wa wilaya. Usomaji ulio sahihi zaidi ni kwamba haiwezekani kumtegemea mhudumu autambue ugonjwa kwa uzoefu, na kwa hiyo ulinzi wa mgonjwa lazima uwekwe katika utaratibu unaofuatwa kwa kila mwenye uvimbe kooni, hata kama wagonjwa 99 katika 100 watakuwa na jambo jingine. Utaratibu huo haupotezi rasilimali, kwa kuwa unawafaa pia wenye saratani za kawaida za koo na wenye goita.

Madini joto na nyanda za juu

Tezi ya thairoidi hutengeneza homoni zake kwa kutumia iodini, ambayo Watanzania wengi huijua kwa jina la madini joto. Mvua za karne nyingi huyasafisha madini haya kutoka katika udongo wa miinuko, hivyo ndizi, maharage na viazi vinavyooteshwa huko huwa na kiasi kidogo, na samaki wa maji baridi, wakiwemo dagaa wa Ziwa Victoria, hawawezi kufidia upungufu huo kama wafanyavyo samaki wa bahari. Madini joto yanapopungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huongeza homoni kichocheo, ifupishwayo TSH, ili kuisukuma thairoidi ifanye kazi zaidi, na thairoidi hujibu kwa kutanuka. Ikiwa shingoni, mtanuko huo ndio goita; ikiwa ulimini, kusukumwa kulekule hukuza uvimbe ndani ya njia ya chakula na hewa, na ndiyo sababu tezi ya ulimini hujitokeza mara nyingi wakati wa kubalehe au wa ujauzito, mahitaji ya homoni yanapopanda.

Tanzania ilianza kuliona tatizo hili kwa upana katika miaka ya 1980, wakati goita ilipokadiriwa kuwapata robo ya watu waliochunguzwa. Vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi, kisha katikati ya miaka ya 1990 sheria ikaagiza chumvi yote ya kuliwa iwekwe madini joto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba goita miongoni mwa watoto wa shule ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 7, na zaidi ya asilimia 80 ya kaya zilikuwa zikitumia chumvi yenye madini joto. Haya ni mafanikio makubwa ya afya ya jamii, lakini yanahitaji kulindwa, kwa kuwa chumvi inayoachwa wazi juani au penye unyevu hupoteza madini hayo, na chumvi ya wazalishaji wadogo isiyokaguliwa huweza kufika sokoni bila kuwekewa chochote.

Uhusiano wa madini joto na saratani unahitaji kuelezwa kwa tahadhari. Saratani za thairoidi zinazotokana na chembe zinazotengeneza homoni ni za aina mbili kuu: papilari, ambayo husambaa zaidi kupitia tezi za limfu za shingoni, na folikula, ambayo hupita katika mishipa ya damu na kufika kwenye mifupa na mapafu. Katika jamii zenye upungufu wa madini joto sehemu ya folikula huwa kubwa, na baada ya chumvi kurekebishwa papilari huchukua nafasi ya mbele. Katika tezi ya ulimini aina zote mbili zimeripotiwa, huku taarifa nyingi za zamani zikiitaja zaidi folikula. Kichocheo cha TSH kinachodumu kwa miaka mingi hudhaniwa kuwa mojawapo ya mambo yanayoandaa mazingira ya saratani, lakini hakuna msingi wa kusema kwamba upungufu wa madini joto peke yake huzaa saratani ya ulimini. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba hukuza uvimbe ambao pengine ungebaki mdogo na kimya.

Dalili zinazofanana na za maradhi mengine

Mgonjwa wa tezi ya ulimini hulalamika kwamba kuna kitu kimekwama kooni, chakula kigumu kinapita kwa shida, sauti imekuwa nzito kana kwamba mdomo umejaa, anakoroma na kuamka usiku akitafuta pumzi, na wakati mwingine anatema damu. Wagonjwa wapatao theluthi moja au zaidi huwa pia na upungufu wa homoni, unaoonekana kwa uchovu, kuhisi baridi, kufunga choo na, kwa mtoto, udumavu wa mwili na akili. Hakuna hata moja kati ya dalili hizo inayotenganisha tezi njema na yenye saratani. Yanayopaswa kuamsha shaka ni ukuaji wa haraka, kidonda juu ya uvimbe, damu inayorudiarudia na uvimbe wa tezi za limfu shingoni.

Kinachotatiza zaidi ni wingi wa maradhi yanayokaa mahali hapo. Shina la ulimi hupatwa mara nyingi zaidi na saratani ya ngozi laini ya kinywa, inayohusishwa na tumbaku, pombe na virusi vya HPV. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, ina historia ndefu ya saratani zinazofuatana na virusi vya UKIMWI, yaani limfoma na saratani ya Kaposi, ambazo zote huweza kuonekana kinywani na kooni. Mafindofindo ya nyuma ya ulimi na uvimbe wa majimaji hukamilisha orodha hiyo. Mhudumu anayefikiria kwanza magonjwa hayo anafikiri sawasawa, maadamu hakimbilii kukata kinyama cha kupima kabla ya kujua kama tezi ya shingo ipo mahali pake, kwa sababu tezi ya thairoidi ina damu nyingi, na jeraha katika shina la ulimi huvuja mahali ambapo ni vigumu kupakandamiza na palipo karibu mno na njia ya hewa.

Hatari ya namna hiyohiyo hutoka nje ya hospitali. Kukata kimio, desturi ijulikanayo katika sehemu nyingi za Tanzania, hufanywa kwa imani kwamba kimio kirefu ndicho kinacholeta kikohozi kisichoisha au kero ya koo, na mwenye uvimbe wa ulimini huweza kupelekwa kwa mkata kimio kabla ya kufika zahanati. Kisu hicho hakiondoi chanzo cha tatizo, huchelewesha utambuzi, na huweza kuleta damu nyingi na maambukizi.

Tezi ya ulimini huweza pia kugunduliwa ghafla katika chumba cha upasuaji, pale mtaalamu wa usingizi anapotaka kupitisha mpira wa hewa na kukuta njia imezibwa na uvimbe mwekundu usiotarajiwa. Kwa hospitali za wilaya ambazo upasuaji wao wa dharura kwa kiasi kikubwa ni wa akina mama wajawazito, na ujauzito wenyewe ukiwa ndio wakati ambapo tezi hii hukua, kumwuliza mama kabla ya upasuaji kama anakoroma, anapaliwa au anahisi kitu kooni, kisha kuutazama mdomo wake kwa taa, ni tahadhari ndogo inayoweza kuokoa uhai.

Mpangilio wa uchunguzi

Uchunguzi unaofaa huanza na mikono. Kupapasa shingo na kushindwa kuigusa tezi hakuthibitishi kwamba haipo, lakini kunatosha kuagiza kipimo cha pili, ambacho ni ultrasaundi ya shingo, chombo kinachotumia mawimbi ya sauti na ambacho hospitali nyingi za wilaya tayari hukitumia kwa wajawazito. Ultrasaundi ikionyesha kwamba mahali pa tezi ni patupu, uvimbe wa ulimini uhesabiwe kuwa ndiyo thairoidi pekee mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo cha tatu ni TSH katika damu, ambacho hueleza kama homoni zinatosha. Sampuli yake inaweza kusafirishwa hata pale mashine isipokuwepo.

Hatua hizo tatu ziko ndani ya uwezo wa huduma za wilaya, ambazo huko Karagwe zinabebwa pamoja na hospitali za makanisa kama Nyakahanga na Nyakaiga, na huko Kyerwa hospitali ya Isingiro. Hatua zinazofuata zinadai rufaa: mtaalamu wa masikio, pua na koo atakayeutazama uvimbe kwa kamera nyembamba inayopindika, siti skani itakayoonyesha kina cha uvimbe na hali ya tezi za limfu, na picha ya nyuklia, ambapo mgonjwa hupewa kiasi kidogo cha teknishiamu au iodini yenye mionzi kisha kamera maalumu huonyesha ni wapi mwilini chembe za thairoidi zinaifyonza. Njia ya rufaa hupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba na kufika Bugando jijini Mwanza, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, na kwa tiba ya nyuklia huendelea hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mji wa Kayanga wilayani Karagwe. Barua ya rufaa inayosema tu kwamba mgonjwa ana uvimbe kooni humlazimu anayeipokea aanze upya. Inayosema kwamba shingo haina tezi na TSH imepanda humwokolea mgonjwa wiki kadhaa na nauli isiyo ya lazima.

Ugumu wa kuthibitisha saratani

Hata kinyama kikichukuliwa kwa usalama, kukisoma chini ya hadubini si kazi nyepesi. Katika tezi iliyo shingoni, saratani ya folikula hutambuliwa kwa kuvunja ganda linalozunguka uvimbe au kuingia katika mishipa ya damu. Tezi ya ulimini kwa kawaida haina ganda, na chembe zake, hata zikiwa njema kabisa, hujipenyeza katikati ya nyuzi za misuli ya ulimi, kwa hiyo mpatholojia asiyeambiwa kinyama kimetoka wapi anaweza kuiita saratani tezi isiyo na kosa, au, akiogopa kosa hilo, akaiacha saratani ya kweli. Uamuzi katika hali hii huegemea ushahidi wa chembe kuingia ndani ya mishipa ya damu, mabadiliko ya kiini cha chembe yanayoitambulisha papilari, na kuonekana kwa ugonjwa katika tezi za limfu au viungo vya mbali. Sindano nyembamba inayofyonza chembe chache huweza kuitambua papilari, lakini haiwezi kuitenga folikula yenye saratani na isiyo nayo, kwa kuwa haionyeshi mpaka wa uvimbe wala mishipa yake. Pale ambapo tezi ya kawaida ipo pia shingoni, ni lazima ichunguzwe, ili isije ikawa ndiyo chimbuko la saratani na uvimbe wa ulimini ukawa tawi lake.

Tiba

Tezi ya ulimini isiyo na saratani na isiyoziba njia mara nyingi haihitaji kisu. Kidonge cha levothairoksini, ambacho ni homoni ileile ya thairoidi iliyotengenezwa kiwandani, hufidia upungufu na kuishusha TSH, hata uvimbe ukasinyaa taratibu. Saratani hubadilisha mpango huo: uvimbe huondolewa wote, kwa kupitia mdomoni ukiwa mdogo, au kwa kupitia shingoni karibu na mfupa wa haioidi ukiwa mkubwa, na mara nyingine tundu la hewa hufunguliwa kwanza kwenye koromeo ili mgonjwa asikabwe na damu au mvimbo baada ya upasuaji. Tezi za limfu zilizoshikwa huondolewa pia. Mbinu ya kuhamishia vipande vya tezi kwenye misuli ya shingo ili viendelee kutoa homoni, iliyowahi kutumiwa kwa tezi njema, haina nafasi pale penye saratani au shaka yake.

Baada ya upasuaji mgonjwa mwenye hatari kubwa hupewa iodini yenye mionzi, ambayo chembe za thairoidi zilizobaki huifyonza na kuangamia nayo. Ili chembe hizo ziwe na njaa ya iodini, mgonjwa huelekezwa kuepuka kwa wiki moja hadi mbili vyakula vyenye madini joto, ikiwemo chumvi ileile ambayo kwa siku zote nyingine inailinda jamii yake, na maelekezo hayo yasipofafanuliwa vizuri yanaweza kuzua dhana kwamba chumvi hiyo ndiyo iliyoleta ugonjwa. Mjamzito hapewi tiba hii, anayenyonyesha huachisha kwanza, na mimba mpya husubirishwa kwa miezi isiyopungua 6. Kuitumia iodini hiyo bila upasuaji kwa uvimbe mkubwa kuna hatari yake, kwani tezi huweza kuvimba kabla ya kusinyaa na kuifunga njia ya hewa.

Kazi inayorudi wilayani

Saratani za papilari na folikula zinazogunduliwa mapema huwa na matokeo mazuri kuliko saratani nyingi za koo, lakini mgonjwa aliyeondolewa tezi yake pekee hawezi kuishi kwa afya bila levothairoksini ya kila siku kwa maisha yake yote, kwa kawaida kati ya maikrogramu 100 na 200 kwa mtu mzima. Akiikosa kwa majuma kadhaa, si kwamba atachoka na kuvimba uso tu: TSH yake hupanda na kuzichochea chembe za saratani ambazo huenda zimebaki, na mjamzito aliyekosa dawa humnyima mtoto tumboni homoni inayojenga ubongo wake. Kipimo cha thairoglobulini, protini inayotolewa na chembe za thairoidi peke yake, kinaweza kufanywa katika hospitali ya rufaa mara moja au mbili kwa mwaka, ila vidonge ni vya kila asubuhi, na duka la dawa katika miji ya wilaya hizi, kama Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, lina nafasi katika tiba hii iliyo sawa na ya chumba cha upasuaji cha Mwanza.

Kwa hiyo swali la saratani hii katika Karagwe na Kyerwa haliwezi kujibiwa kwa kusubiri mashine ya nyuklia ijengwe katika kila wilaya. Linajibiwa kwa kuagiza kwamba hakuna uvimbe wa nyuma ya ulimi unaokatwa kabla ya ultrasaundi ya shingo na TSH, kwamba kila barua ya rufaa na kila chupa ya kinyama ibebe taarifa ya mahali uvimbe ulipo na hali ya tezi shingoni, kwamba chumvi sokoni ikaguliwe bila kukoma, na kwamba levothairoksini ihesabiwe miongoni mwa dawa ambazo bohari ya wilaya hairuhusiwi kuishiwa. Mambo hayo manne hayahitaji mashine hiyo, na mwenye kufaidika nayo kwanza ni yule mgonjwa ambaye, kwa kukatwa uvimbe mmoja bila kuuliza, angepoteza tezi pekee aliyokuwa nayo.